Mji Usio na Mtaa

Katika Your Friends & Neighbors, filamu ya Neil LaBute ya mwaka 1998, mji mkubwa wanamoishi wahusika hautajwi jina. Wahusika wenyewe nao hawaitani majina; ni kwenye orodha ya waigizaji tu ndipo tunawasoma: Mary, Barry, Terri, Cheri, Cary na Jerry, majina ya vina. Wanalala pamoja, wanachepuka, na mapenzi hayaonekani. Wazo ni zuri. Kilichoniudhi ni jinsi lilivyotekelezwa.

Tazama jumba la sanaa anakofanya kazi Cheri (Nastassja Kinski). Wahusika wengine wanaingia kwa zamu, kila mmoja anasimama mbele ya picha na kumwanzishia Cheri maongezi karibu yale yale. Mara ya pili yanachoma. Baada ya hapo mtazamaji ameshajua kitakachosemwa, na anayekuja haongezi hata kigugumizi chake mwenyewe.

Chumba cha hoteli, kwa upande mwingine, kimejengwa kwa ustadi. Jerry (Ben Stiller) anakwenda huko kwa siri na Mary (Amy Brenneman), mke wa rafiki yake Barry, na mambo yanawaharibikia. Baadaye Barry, asiyejua lolote, anampeleka mkewe chumba kile kile, maana Jerry ndiye aliyemsifia. Kitanda ni kilekile, lakini sasa Mary amebeba aibu mbili, na Brenneman anazionyesha usoni bila kuongezewa maneno.

Kwa nini basi filamu nzima haifiki hapo? Naona ni kwa sababu LaBute amewafungia ndani: vyumbani, mikahawani, dukani. Robert Altman, katika Short Cuts (1993), alifungua kwa helikopta zinazonyunyiza dawa ya wadudu juu ya Los Angeles na kufunga kwa tetemeko la ardhi. Wasiojuana wakaguswa na jambo moja. Wa LaBute hawaguswi na chochote cha mji, wala hawana jirani wa kumwonea haya.

Hata kwenye chumba cha mvuke, Cary (Jason Patric) anapowasimulia Barry na Jerry jinsi alivyomdhulumu kijana mwenzake shuleni, kwa sauti tulivu inayotisha kuliko kelele, Patric anaigiza vizuri kupita kiasi cha filamu yenyewe. Nilitaka kamera iwafuate hao wasikilizaji wawili mpaka barabarani, tuone wanavyotembea katikati ya watu na maneno yale masikioni.