Jiko na Ufasiri wa Methali

Wahakiki wa fasihi yetu wamezoea kutafuta maana ya maneno katika vyuo, katika kamusi, na katika vinywa vya washairi wazee. Mahali hapo pote ni pema, wala sina nia ya kumtoa mtu huko. Walakini pana mahali pamoja ambapo aghalabu hatupiti, napo ni jikoni. Na kwa kutopita hapo tumezifasiri vibaya baadhi ya methali tunazozisomesha kila mwaka. Nasema "tumezifasiri" kwa sababu kosa nitakalolitoa kuwa mfano wa kwanza ni langu mwenyewe.

Methali yenyewe ni hii: "Maji ya kifuu ni bahari ya chungu." Katika tasnifu yangu ya udaktari niliifasiri kwa kurasa mbili kasoro. Nilisema kwamba chungu ni chombo cha kupikia. Kwamba methali yalinganisha vyombo viwili, kimoja cha kutekea na kimoja cha kupikia. Kwamba maji machache ya kifuu huwa mengi yakiisha kuingia chunguni, maana humo hupatiwa kazi. Na kwa hiyo thamani ya kitu hutokana na matumizi yake. Ulikuwa ufasiri mzuri wa kusomeka. Watahini waliusoma, wala hawakusema neno.

Aliyesema neno ni bibi yangu mzaa mama, mwanamke wa Pangani ambaye kwa muda wa miaka isiyopungua hamsini alipika kwa kuni. Nilimsomea kurasa zile kwa majivuno, naye akipeta mchele uani. Alicheka hata akauweka ungo chini. "Mume wangu," aliniambia, kwa utani wa bibi na mjukuu, "huko chuoni kwenu hapana wadudu?" Kisha akanionyesha kwa kidole nje ya mlango wa jiko, mahali ambapo mimi mwenyewe nilipokuwa mtoto nilikuwa nikitupa vifuu vya nazi baada ya kukuna. Mvua hunyesha, kifuu kikajaa maji ya kiasi cha kiganja, na chungu, wale wadudu wadogo weusi wanaofuata utamu wa nyama ya nazi iliyosalia, wakatumbukia wakafa maji. Kwao ile ndiyo bahari. Hapana sufuria wala kijungu katika habari hii.

Nataka msomaji atazame jinsi sarufi ilivyonitupa mkono. Chungu cha kupikia ni cha ngeli ya ki na vi, na wingi wake ni vyungu. Chungu mdudu hana mabadiliko katika wingi, na upatanisho wake ni wa viumbe wenye uhai. Laiti methali ingalisema "chungu wengi" au "chungu kikubwa", hata mtoto wa darasa la kwanza asingalipotea. Lakini katika "bahari ya chungu" kile kiunganishi "ya" chafuata bahari, wala hakitoi habari yo yote juu ya chungu. Kamusi nayo ilinipa maana zote mbili, tena na ya tatu, ile ya uchungu wa shubiri, pasipo kuniambia ipi ni ya hapa. Kilichoweza kuamua ni kukijua kile kifuu kilichotupwa nje ya mlango. Nami nilikuwa nakijua! Nilikuwa nimekisahau tu, kwa kuwa hapana aliyenifunza kwamba kumbukumbu ya jikoni ni elimu iwezayo kuingia katika tasnifu.

Tokea siku hiyo nimekuwa nikiijaribu methali hiyo kwa wanafunzi wangu. Wengi hujibu kama nilivyojibu mimi, na baadhi yao kwa ufasaha kunishinda.

Tuichukue sasa methali ya pili yenye neno lile lile: "Jifya moja haliinjiki chungu." Hapa chungu ni chombo bila shaka, na kinachotuhakikishia ni kitendo. Kuinjika, ambako pengine huitwa kuteleka, ni kukiweka chombo motoni. Kukiondoa ni kukiipua. Vitendo hivi viwili ni vya jiko peke yake. Mtu hainjiki kitabu juu ya meza. Lakini mwanafunzi asiyepata kulisikia neno hili hulitazama umbo lake, akaona limekwisha kwa "-ika" kama vunjika, akadhani ni hali ya kutendeka; kisha hutafuta kitendo "kuinja" ambacho hakimo katika lugha, na methali yote ikamvurugikia. Nimeona karatasi ya mtihani iliyoeleza kwamba jifya likiwa moja "huwa gumu kama chungu". Sikuweza kumlaumu sana aliyeiandika.

Mwingine aliniuliza swali zuri zaidi. Nyumbani kwao wanapikia jiko la gesi lenye tundu moja, na sufuria hukaa juu yake salama salimini. Je, methali si ya uwongo? Nilimjibu kwamba jiko lile lina vishikio vilivyochomoza kuzunguka moto, navyo ndivyo vinavyoishika sufuria kama mafya yalivyokuwa yakishika chungu. Mafya yalikuwa mawe matatu, kila moja limetafutwa peke yake, na kila moja likiweza kuondoshwa na mtu mwingine akalitumia kwake. Katika kuondosheka huko ndimo yalimo mafunzo ya methali. Fundi wa kiwandani ameyaunganisha mafya yakawa chuma kimoja, na umoja ambao wahenga waliusihi kwa maneno sasa hununuliwa dukani.

Isidhaniwe kwamba naichukia mashine. Wengi wanaoisifu mbuzi ya kukunia nazi hawajapata kuikalia. (Na iandikwe mbuzi ya, si mbuzi wa, maana hii hailii wala hailishwi, nimesahihisha jambo hili mara nyingi hata mkono umechoka.) Kukuna nazi nne kwa ajili ya karamu ni kazi ya mgongo na ya vidole, na nyumbani kwangu tunatumia blenda bila ya kuona haya. Pia tunalo jiko la umeme la kupikia wali, ambalo la kwanza la namna yake lijizimalo lenyewe liliuzwa Ujapani mwaka 1955 na Toshiba. Hekima yake ni nyepesi: maadamu maji yamo, joto la chungu halipandi kupita nyuzi 100, yakiisha kunywewa na mchele, joto hupanda ghafula, na kidude cha chini kikaisikia tofauti hiyo kikakata moto. Bibi yangu aliisikia tofauti hiyo hiyo kwa sikio, kwa kusikiliza mlio wa maji ukigeuka. Ndipo alipopunguza moto wa chini na kuupalia wali, yaani kutandaza makaa juu ya kifuniko ili uive pande zote.

Kitendo hiki cha kupalia ndicho kinachopotea, na pamoja nacho ule ukoko wa kahawia uliotugombanisha watoto, uliokwanguliwa kwa upawa na kuliwa kwa sukari. Mashine haina hatia hapa. Hatia ni yetu sisi watu wa lugha, tulioliacha neno lipotee pasipo kuandika lilifanya kazi gani. Kamusi zetu, tangu ile ya Johnson ya mwaka 1939 hata Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, zimekusanya mengi, na anayezidharau hajapata kutunga kamusi. Lakini kwa desturi ya kazi yake kamusi hueleza kitu, haielezi zamu ya kitu. Itasema kifumbu ni chombo cha kuchujia nazi. Haitasema kwamba tui la kwanza, lile zito, hutengwa kando. Kwamba tui la pili, jepesi, ndilo hutangulia chunguni kupikia. Kwamba lile zito hutiwa mwisho, tena kwa kukoroga, lisije likakatika. Na kwamba chicha iliyosalia hurushiwa kuku. Bibi yangu aliposema juu ya mtu kwamba "amebaki chicha", alikuwa akinena habari yote hii kwa neno moja: mtu aliyekamuliwa mara mbili, kwanza kwa mkono mkavu, kisha kwa maji. Mfasiri aliyesoma tu kwamba chicha ni makapi ya nazi atapata nusu ya maneno yake, na nusu iliyo ndogo.

Hata methali ambayo kila mtu anadhani anaijua ina siri ya namna hii. "Haba na haba hujaza kibaba" imekuwa wito wa kuweka akiba, nami nimeiona imeandikwa juu ya visanduku vya fedha. Lakini kibaba ni kipimo kidogo cha nafaka, robo ya pishi, na hapo kale kilihesabiwa kuwa posho ya mtu mmoja kwa siku moja. Mwenye kukijaza hakutajirika. Amepata chakula cha leo. Basi methali hii, kwa ninavyoiona, ilitoka katika kinywa cha mtu mwenye njaa akiokota punje, wala haikutoka kwa tajiri akihesabu faida. Wenzangu wawili wamenipinga juu ya jambo hili, nami sijaona hoja yao.

Sababu ya kupuuza huku si ngumu kuitambua. Jiko lilikuwa mahali pa wanawake, na uhakiki kwa muda mrefu ulikuwa baraza la wanaume. Siti binti Saad, kabla ya kuimba, alikuwa akitembeza vyungu vya kuuza huko Unguja, na Shaaban Robert alipouandika wasifu wake hakulificha jambo hilo. Sisi wasomaji wake ndio tunaolipita mbio, tukiharakisha kufika kwenye nyimbo, kana kwamba vyungu vilikuwa aibu aliyoponywa nayo, na kana kwamba mtu aliyesikiliza mlio wa chungu kizima na wa chungu chenye ufa hakuwa amekwisha kulifunza sikio lake kitu.

Tasnifu yangu imo maktabani pamoja na kosa lake, katika sura ya tatu. Bibi hayupo tena. Nimetia kati ya kurasa zile mbili kipande cha karatasi chenye maneno yake, juu ya kifuu, mvua na wadudu, na mara ya mwisho nilipopita kutazama kilikuwa kingali pale.