Mvinyo wa Mlimani, Tembo la Nyamisati

Nilikuwa stendi ya Kibiti nasubiri gari la Nyamisati, na gari nalo lilikuwa linasubiri lijae. Nikafungua simu, nikasoma makala ya mtu aliyetembelea bonde la Calchaquí, kaskazini mwa Argentina, ambako mizabibu mingine imepandwa zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Makala za aina hii nimesoma nyingi na nakiri nazipenda. Zina kanuni yake: barabara ya vumbi, baridi ya usiku, mwenye shamba mkarimu, halafu glasi, na ndani ya glasi mwandishi anaonja maua, jiwe, ganda la chungwa. Wavunaji wanapita kwa mbali tu, hawasemi kitu.

Sifa zinazidi, kweli, na wahenga walishatuambia mgema akisifiwa anafanya nini. Lakini kinachonikera zaidi ni wepesi wa kazi yenyewe. Chupa itasafiri. Msomaji aliyeko London akitaka ataagiza na kuonja mwenyewe, kwa hiyo mwandishi akivurunda, mvinyo utajitetea.

Sisi je? Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, ila Dodoma si mlimani. Mlimani ni Iringa na Njombe, kwenye ulanzi. Wakati wa mvua chipukizi la mwanzi hukatwa ncha, utomvu ukadondokea kwenye kopo lililotengenezwa kwa mwanzi huohuo. Wa leo ni mtogwa, mtamu. Ukilala unakuwa mkangafu, na hapo kaa karibu na ukuta. Maji ya vilima vile hushuka na Ruaha, yakaingia Rufiji, yakaja kutokea huku kwenye mikoko. Ulanzi wenyewe haushuki nayo. Kinywaji kisichongoja kesho kinahitaji mtu wa kukiandika kuliko mvinyo unaokaa miaka kumi chini ya ardhi.

Na hapo ndipo nawalaumu waandishi wetu, nami nimo. Katika fasihi yetu pombe ni kesi. Zakaria wa *Rosa Mistika* (1971) tunamjua kwa ulevi wake na kwa kipigo alichompa bintiye, na Kezilahabi alikuwa na haki kabisa ya kumwandika hivyo. Shida ni sisi tuliofuata. Tumebaki na mlevi, tumempoteza mgema: mtu mwenye ufundi, saa za kazi na kisu kinachonolewa kila siku.

Nyamisati nilimpata mmoja, mzee. Nikamwamkia, akaitikia bila kushuka. Mnazi wake umechongwa vidato. Juu kule karara limefungwa kamba, analikata kidogo asubuhi na kidogo jioni, basi. La asubuhi alilonionjesha lilikuwa tamu, jeupe kama maji ya mchele, na harufu ya unga wa chachu. La jana lilikwaruza koo. Likiachwa zaidi, akasema, wake za watu wanakuja kuchukua siki ya kachumbari.

Nilipotoa daftari akacheka. “Jina usiandike, mwanangu. Ijumaa mimi nipo safu ya mbele.”

Silichukulii kama mzaha tu. Ukitafuta Kibiti mtandaoni unakutana na mwaka 2017: mauaji, pikipiki kupigwa marufuku usiku, na mwandishi mwenzetu Azory Gwanda, aliyetoweka Novemba mwaka ule akiwa anaripoti habari hizo, na familia yake bado inasubiri. Habari zile zilipaswa kuandikwa, na aliyeziandika alilipa. Lakini hazijaandikwa zikaisha, na pembeni yake hakuna ukurasa mwingine wowote, hata wa mnazi. Mwandishi wa Calchaquí hajawahi kuulizwa kwa nini anaandika juu ya starehe. Mimi mhariri mmoja aliniuliza, kwa upole: Kibiti, halafu tembo?

Nilinunua nusu lita kwenye chupa ya maji. Gari la kurudi lilichelewa, tukaingia Kibiti saa mbili usiku, na kifuniko kilikuwa kimesharuka zamani. Begi zima lilinuka. Kurasa tatu za daftari zililowa, wino umetambaa, ila zinasomeka.