Kupanga Faili la Chuo cha Sheria Ukiwa na Alama za Zamani

Mstari uliopigwa juu ya F hauifuti F hiyo. Tulijifunza hilo mapema, mimi na dada mmoja wa miaka 43, mkalimani wa Kiswahili mahakamani huko Minnesota, tulipokaa kupanga maombi yake ya kusomea sheria. Mezani palikuwa na transkripti mbili. Moja ya ujana wake: uniti 30 kwa wastani wa 1.8, kisha akaacha chuo ili alee. Nyingine ya ukubwani: uniti 90 alizosoma jioni baada ya kazi, kwa wastani wa 3.8.

Chuo kilichompa shahada kiliandika GPA, yaani wastani wa jumla, ya 3.41. Somo la hesabu la uniti 4 alilofeli ujanani alikuwa amelirudia akapata A, nacho kikaiondoa F. Lakini vyuo vya sheria vya Marekani haviangalii hesabu hiyo. Transkripti zote za shahada ya kwanza hupitia LSAC, chombo kinachoendesha pia LSAT, mtihani wa kuingilia vyuo hivyo, nacho hukokotoa upya kwa kanuni zake. Alama ya kwanza na ya marudio zote huhesabiwa, mradi zinaonekana kwenye transkripti pamoja na uniti zake. Pointi zake 396 zikagawanywa kwa 120 badala ya 116, ikawa 3.30.

Alitaka kusoma uzamili kwanza ili aipandishe. Nikamwambia, "Dada, utalipa ada bure." GPA hiyo hufungwa siku unapopata shahada ya kwanza. Alama za uzamili husomwa, ila haziigusi.

Kilichobaki ni LSAT, na hapa inafaa kuelewa vyuo vinahesabu nini. Kila chuo kilichoidhinishwa na chama cha mawakili, ABA, hutangaza kila mwaka alama ya katikati ya GPA na ya LSAT ya wanafunzi wake wapya, pamoja na za robo ya juu na robo ya chini. Alama ya katikati si wastani. Ukiwapanga wanafunzi 201 kwa mstari, ni ya yule wa 101. Ikiwa GPA ya katikati ni 3.75, mwenye 3.30 na mwenye 2.90 wanaivuta kwa uzito uleule: kila mmoja ni mtu mmoja upande wa chini. Kwa hiyo chuo kinachompokea mwenye GPA ndogo hupenda awe juu ya katikati kwenye LSAT, ili kipoteze upande mmoja na kipate upande wa pili. Pengo la GPA yake halikuwa la kumtisha kama alivyodhani.

LSAT hutolewa alama kuanzia 120 hadi 180. Tangu Agosti 2024 yale mafumbo ya kupanga watu na viti yameondolewa; kinachopimwa ni kuchambua hoja na kuelewa maandishi. Kwa mkalimani hiyo ni kazi ya kila siku. Aliamka saa kumi na moja alfajiri kwa miezi kumi, akapanda kutoka 148 ya jaribio la kwanza hadi 164.

Walio na shahada ya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala wana hesabu nyingine. LSAC huzitathmini transkripti zao na kuzipa daraja la jumla, bila GPA ya Kimarekani. Kwao LSAT ndiyo namba pekee, na inabeba mzigo mzito zaidi.

Insha ya maombi ndiyo iliyotuchukua muda. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa mbili za shida za ujana. Tulizipunguza zikawa aya moja, tukazitia kwenye maelezo ya nyongeza: mwaka gani, nini kilitokea, kilikwisha lini, alama zilizofuata zinaonyesha nini. Humo hakuna haja ya kuomba huruma.

Insha yenyewe ikaanzia mahakamani. Mwomba hifadhi alikuwa ameandika kwamba ndugu yake aliuawa, na tafsiri ya maandishi ikasema kaka. Kizimbani akaeleza kuwa marehemu ni mtoto wa shangazi yake. Wakili wa serikali akadai anajipinga. Dada akaomba ruhusa ya hakimu, akafafanua kwamba neno ndugu linawabeba wote wawili. Kwangu mimi ukurasa huo unaeleza sababu ya kusomea sheria ukubwani kuliko ahadi yoyote ya kupenda haki.

Alikubaliwa na chuo kimoja kati ya sita, kwa masomo ya jioni.

Nawe unayejiandaa, agiza transkripti zako zote kabla ya Septemba, hata ya chuo ulichokaa muhula mmoja tu. Vyuo vingi hugawa nafasi kadiri mafaili yanavyofika, na faili lisilo na transkripti moja halisomwi.