Semuliki: akiba ilikuwa wapi?

Niliseme mapema, anayetaka kununa anune hapa hapa: vijana wetu waliokuwa wakilinda amani Semuliki, mashariki mwa Kongo, hawakuzidiwa kwa woga. Walizidiwa kwenye ramani, kabla risasi ya kwanza haijalia. Aliyekosea ni aliyeiacha kombania kando ya barabara ya Mbau–Kamango bila njia ya kuiongezea nguvu wala ya kuitoa.

Tukio mnalijua. Jioni ya Desemba 7, 2017, giza likiingia, waasi wa ADF waliivamia kambi yao ya UN. Wanajeshi 15 wa Tanzania wakauawa, zaidi ya 40 wakajeruhiwa. UN haikuwa imepata pigo kama hilo tangu Wapakistani 24 walipouawa Mogadishu mwaka 1993.

Sasa tulia hapa, maana wengi hupita mbio. Eneo lile lilishapigwa Septemba, likapigwa tena Oktoba. Adui alishakuonyesha anapitia wapi na anapenda saa ngapi. Ukishagongewa mlango mara mbili, unafanya moja kati ya mawili: unaongeza watu, au unahama. Hapa kombania ikabaki pale pale, na barabara ni ile ile moja, msitu huku na huku. Wachunguzi wa UN walipomaliza kazi mwaka 2018 walikuta hakukuwa na mpango wa kutekelezeka wa kupeleka nguvu wala wa kuwatoa waliozingirwa. Ndege, wahandisi na taarifa za kiintelijensia vilipungua, na amri nazo zilikuwa na kasoro. Walitaja na mapungufu ya mafunzo, nami sibishi. Lakini mafunzo hayaleti helikopta usiku.

Kwenye kijiwe cha kahawa pale Dunda, Bagamoyo, yuko mzee mmoja aliyepigana Vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin. Nilimpa habari hii yote, akavuta sinia. Akaweka kikombe kimoja katikati, akalaza kijiko: "Hii barabara." Akaviondoa vikombe vingine vyote, akaviweka chini mchangani, mbali na sinia.

"Mwanangu, akiba iko wapi?"

"Haipo, mzee."

Akanywa kahawa iliyokuwa kwenye kile kikombe, akakirudisha kitupu.

Mzee ana haki ya kuuliza; kule Lukaya, Uganda, aliiona akiba ikifanya kazi. Machi 10, 1979, Brigedi ya 201 ya Imran Kombe, wengi wao mgambo, ilipomiminiwa roketi za Walibya waliompigania Amin ilitawanyika. Wangekuwa peke yao tungeandika historia nyingine. Ila kaskazini-magharibi, kama kilomita 60, ilikuwepo Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa. Ikageuzwa usiku, ikakata barabara ya Kampala, na alfajiri Walibya wakajikuta wamebanwa pande mbili. Wakubwa wa vita ile walikuwa na redio mbovu na viatu vilivyochanika, lakini hawakuacha mtu bila wa kumjia.

Na hapa narudia wimbo wangu, mnisamehe. Brigedi ya UN ya vijana wale wa Semuliki, ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, watu 3,069 kwa azimio namba 2098 la Machi 2013, iliundwa ishambulie. Mwaka ule ule, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, ikishirikiana na jeshi la Kongo, iliwang'oa M23 milimani juu ya Goma, kazi safi. Baadaye chui akafungwa kamba getini. Anayekaa sehemu moja anahesabiwa: zamu zake, saa ya chakula chake, mahali bunduki yake kubwa inapoelekea. Hata Santos Cruz, Mbrazili aliyekuwa kamanda mkuu wa kikosi cha UN kule M23 walipong'olewa, aliandika katika ripoti yake ya Desemba 2017 kwamba helmeti ya bluu haimlindi tena mtu.

Mtasema amri za UN hupita mikono mingi. Ndiyo! Lakini anayepeleka vijana wake ana haki ya kuuliza kabla hawajapanda ndege: wakizingirwa, nani anakuja, kwa chombo gani, baada ya dakika ngapi? Jibu likikosekana, kombania isiende.

Mwaka 2024 pale Mapinga, mwendo mfupi tu kutoka kijiweni, wanajeshi wetu walifanya zoezi la Amani Umoja na Wachina. Likija jingine, naomba wakufunzi waanze na lile sinia la mzee.