Mzee wa Suti Nyeupe na Blanketi la Farasi

Muda mfupi kabla ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kupitishwa nchini Tanzania, mwandishi mwenzangu aliniletea barua ya kumpelekea mbunge wetu. Ilikuwa imekwisha kupigwa taipu, ikingojea saini yangu tu. Nilikubaliana nayo karibu yote. Nilikwama kwenye sentensi iliyosema kwamba kitabu ni sawa na shamba, na kwamba aliyeliona pori kuwa ni shamba kabla ya wengine ndiye mwenyewe.

“Mwalimu, tia saini tu,” akasema. “Basi la Dodoma linaondoka saa nane.”

Nilimwomba anisubiri kidogo, maana hoja ile nilikwisha kuisoma mahali pengine, tena kwa maneno matamu zaidi.

Aliyeitoa ni Mark Twain. Desemba 1906, akiwa na umri wa miaka 71, alikwenda Washington kuzungumza mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikichambua muswada wa hakimiliki. Baridi ilikuwa kali, naye alivaa suti nyeupe. Sheria ya wakati ule ilimlinda mwandishi kwa miaka 42 tu tangu kitabu kuchapishwa. Muswada ulipendekeza maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kifo.

Nimeisoma hotuba ile mara nyingi, na sijaona barua wala hotuba ya msanii kwa watunga sheria iliyo na uhodari kama huo. Wengi wetu tukiwaendea wakubwa hujificha nyuma ya taifa: utamaduni utakufa, vijana watapotea. Twain alisema anataka fedha, na anazitaka kwa ajili ya binti zake. Yeye mwenyewe, alisema, anaweza kujitafutia riziki, lakini mabinti amewalea kimabibi, hawajui kazi. Wabunge walicheka. Ndani ya kicheko hicho mlikuwa na baba aliyekwisha kumzika binti yake mmoja, Susy, mwaka 1896. Mzaha wake haukuwa wa kujipendekeza. Ulimwezesha kuomba bila kupiga magoti. Aliongeza kwamba vitabu vinavyoishi zaidi ya miaka 42 ni vichache mno, basi Serikali inapata faida gani kwa kuwanyang’anya watoto wa waandishi hao wachache?

Laiti angeishia hapo!

Kulikuwa na watu waliosema kitabu ni mawazo matupu, na mawazo hayamilikiwi. Twain aliwajibu kwa mfano. Waingereza kumi na wawili wanasafiri Afrika ya Kusini, wanapiga kambi. Kumi na mmoja hawaoni kitu. Mmoja anaona bandari, anajua kwamba siku moja reli itapita na mji mkubwa utasimama pale. Basi anampelekea chifu chupa yake ya mwisho ya wiski na blanketi lake la mwisho la farasi, anajipatia ardhi yenye ukubwa wa jimbo la Pennsylvania. Kwa hiyo, asema Twain, hata ardhi thamani yake ni wazo.

Msomaji wa Marekani huenda akatabasamu. Mimi nimezaliwa Usagara. Huku kwetu, Novemba na Desemba 1884, Karl Peters alipita Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami akikusanya alama za machifu kwenye mikataba ya Kijerumani, na Februari 1885 Kaisari akampa hati ya ulinzi. Katika mfano wa Twain wenyeji hawamo, isipokuwa chifu, naye yumo ili apokee blanketi. Na huyu ndiye Twain aliyetoa mwaka 1905 kijitabu cha kumsuta Mfalme Leopold kwa ukatili wake Kongo! Hakuwa mtu wa kuwachukia Waafrika. Nadhani alihitaji mfano wa haraka, na mfano wa haraka ni ule usioupima.

Lakini kosa hilo si la adabu tu, linaibomoa hoja yenyewe. Kama anayeiona faida kwanza ndiye mwenye mali, basi yule anayenakili kaseti za wanamuziki wetu na kuzimwaga sokoni ana haki, kwani yeye aliliona soko wakati mwanamuziki amelala. Mwandishi hadai kwa sababu aliona. Anadai kwa sababu alifanya kazi. Twain alilijua hilo alipowataja mabinti, akalisahau alipofika bandarini.

Sheria ya 1909 ilimpa mwandishi wa Marekani miaka 56 kwa jumla. Twain alifariki mwaka uliofuata. Maisha na miaka 50 vilikuja kwao kwa sheria ya 1976, na kwetu vimo katika ile ya 1999.

Nilitia saini saa saba na nusu. Ile sentensi ya shamba niliifuta kwa wino, mwenzangu akanuna kwa kuwa nimeichafua barua. Sikumweleza jambo jingine lililokuwa likinisumbua. Kitabu kilichonifanya niombwe saini ni cha hadithi, na zote nilizipata kwa bibi yangu, mzaa mama, jikoni kwake. Jina lililo kwenye jalada ni langu. Lake limo ukurasa wa nne, katika shukrani, kwa herufi ndogo.