Makala za Jinai Zilizofunikwa na Jina la Rufiji

Mwanafunzi wa sheria wa Ikwiriri akiandika "Rufiji" kwenye Google Scholar, yanamjia malaria, vifo vya watoto na mikoko ya delta. Sababu inajulikana. Mwaka 1998 ulianza Rufiji ufuatiliaji wa uzazi na vifo, kaya kwa kaya, ambao baadaye uliendeshwa na Taasisi ya Afya Ifakara. Kazi hiyo imezaa makala nyingi za afya, na za jinai zimezama humo. Kutanguliza alama ya kutoa mbele ya neno malaria kunapunguza msongamano, lakini hakutoshi.

Kinachosaidia ni kuanza na kosa lenyewe, mahali pakafuata. Chukua ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mwaka 2009 jarida la Development and Change lilichapa uchambuzi wa Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah kuhusu mauaji ya Kilosa ya Desemba 2000, ambapo wakulima 38 waliuawa. Fungua makala hiyo, kisha bonyeza kiungo cha kazi zilizoinukuu. Juu ya orodha hiyo kuna kisanduku cha kutafuta ndani yake tu. Kitie alama, andika Rufiji. Sasa unaulizia Rufiji mbele ya watafiti ambao tayari wanazungumzia ardhi, mifugo, polisi na rushwa. Rudia kwa mabonde ya Usangu na Ihefu, kwa sababu wafugaji walioondolewa huko 2006 walielekezwa Lindi, na wengine wakaingia Rufiji.

Mauaji ya 2016 na 2017 katika eneo la Rufiji na Kibiti, yakiwemo ya askari wanane wa polisi Kibiti Aprili 2017, yana njia nyingine ya kutafutwa. Wanazuoni wengi huyagusa wanapoandika juu ya uasi wa Cabo Delgado, Msumbiji, ulioanza Oktoba 2017, kwa hiyo jina Kibiti liunganishe na Msumbiji. Matukio ya kabla Kibiti haijawa wilaya yatafute kwa jina la Rufiji.

Nadhani walimu wetu wa utafiti wanakimbilia mno hifadhidata za kulipia. Tovuti ya AJOL ya Afrika Kusini inakusanya majarida ya bara hili, na makala nyingi humo hupakuliwa bure. Hukumu za mahakama za Tanzania ziko kwenye tovuti ya TanzLII, bure pia: soma hukumu ya rufaa kwanza, chukua jina la kosa na kifungu chake, ndipo urudi kwenye majarida ukiwa na maneno ambayo wanasheria wenyewe huyatumia.