Istilahi za Tiba na Sikio la Mgonjwa

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na katika miaka ya 1970 likaanza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Tangu wakati huo istilahi nyingi za tiba zimeundwa na kukubaliwa. Kazi hiyo ni ya kusifiwa. Hata hivyo, kwa kawaida imepimwa kwa kipimo kimoja tu: je, neno linalingana na dhana iliyomo kitabuni? Kipimo cha pili kimeachwa: je, mgonjwa akilisikia neno hilo, atatenda lile alilolikusudia tabibu?

Tuchukue maagizo yanayosikika kila siku dirishani pa dawa: "kidonge kimoja, kutwa mara tatu". Kutwa, kwa Kiswahili cha asili, ni tangu kucha hadi jua kutua; usiku haumo. Mgonjwa aijuaye lugha vizuri aweza basi kumeza vidonge vyote vitatu kabla ya magharibi, naye atakuwa ametii. Kurekebisha kwa kusema "kila saa nane" hakutoshi, maana kwa wengi saa nane ni saa ya mchana, baada ya adhuhuri. Yafaa kusema wazi: asubuhi, alasiri, na wakati wa kulala.

Tatizo huongezeka pale ambapo Kiswahili ni lugha ya pili. Katika zahanati za Kitanga na vijiji vingine vya nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, mgonjwa aghalabu huwaza kwa Kiha, nao Warundi waliokimbilia huko, kwa mfano wale waliopokewa Nduta mwaka 2015, huwaza kwa Kirundi, ndugu wa Kiha. Katika Kirundi neno moja, inzoka, ni nyoka wa porini na pia mnyoo wa tumboni. Mtu akisema "nina nyoka tumboni", tabibu mgeni aweza kudhani anasimuliwa uchawi, kumbe anaelezwa ugonjwa wa minyoo ulio dhahiri. Vilevile ejo ni jana na pia kesho. Anayejifunza Kiswahili akitokea huko aweza kuyachanganya maneno hayo mawili, na historia ya homa ikapotoka. Hapana budi tabibu ataje siku yenyewe: Jumatatu au Jumanne?

Wala pwani haikusalimika. Neno degedege limezoeleka tangu zamani, na huhusishwa na ndege anayeaminika kumpitia mtoto. Uchunguzi uliofanywa Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wazazi wengi waliitenga degedege na malaria, wakampeleka mtoto kwa mganga wa jadi kwanza. Tabibu aliyehubiri juu ya malaria peke yake hakuwa amewaambia lolote kuhusu mtoto aliyekakamaa. Maneno mawili yalitenganisha ugonjwa mmoja, na katika malaria kali kuchelewa kwa saa chache ni hatari ya kifo.

Watakuwapo watakaosema kwamba dawa ya haya yote ni mgonjwa kujifunza Kiswahili sanifu. Hoja hiyo haina nguvu. Mgonjwa haji zahanati kufanya mtihani wa lugha. Na mfano wa kutwa waonyesha kwamba hata mjuzi wa lugha hudhurika. Mwenye wajibu wa kwanza ni yule aliyesomea kazi.

Pendekezo letu ni kwamba orodha za istilahi za tiba ziwe na safu tatu badala ya mbili: dhana, istilahi sanifu, na maneno ya wagonjwa wenyewe kwa kadiri ya mahali. Safu ya tatu isikusanywe ofisini, bali barazani pa zahanati, kwa msaada wa wauguzi na wakunga wenyeji. Istilahi isiyopita mlango wa zahanati bado haijasanifiwa, hata kama imepigwa chapa.